Namna Salama ya Kumpa Kuku au Njiwa Dawa Nyumbani

Kaya nyingi katika kata zetu hufuga kuku au njiwa, na ndege anapougua, mara nyingi mfugaji mwenyewe ndiye humtibu. Hata hivyo, dawa iliyo sahihi ikitolewa vibaya yaweza kumuua ndege haraka kuliko ugonjwa.

Sababu ni umbile lake. Mlango wa njia ya hewa ya ndege upo sakafuni mwa kinywa, nyuma kidogo ya ulimi, wala hauna kifuniko kama cha binadamu. Anayekivuta kichwa nyuma na kumimina dawa kwa wingi huenda akaijaza mapafuni.

Mfugaji azingatie yafuatayo:

1. Amshike ndege akiwa wima, amfunike kwa kitambaa chepesi, wala asikibane kifua. Ndege hupumua kwa kutanua kifua. Kikibanwa, hukosa pumzi.

2. Atumie bomba la sindano lisilo na sindano. Aliingize kwa upande wa kushoto wa mdomo wa ndege na kulielekeza kulia, liliko koo la chakula. Atoe matone machache, asubiri ndege ameze, kisha aendelee. Povu likitoka puani, aache mara moja.

3. Ndege aliyedhoofu asiyeweza kumeza asilazimishwe kunywa.

4. Dawa ya kuchanganywa na maji itengenezwe upya kila siku kwa kipimo cha lebo, na maji mengine yaondolewe. Ikumbukwe kuwa ndege mgonjwa hunywa kidogo, hivyo huenda asipate dozi kamili.

5. Vidonge vya binadamu visitumiwe kwa kukadiria, na dozi isikatishwe kwa sababu ndege ameanza kuchangamka.

Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na virusi na hauna tiba. Fedha inayotumika kununua antibiotiki ili kuutibu hupotea bure. Kinga yake ni chanjo kwa kuku walio wazima. Chanjo ya matone hutolewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Jambo la mwisho lahusu afya ya walaji. Mabaki ya dawa hubaki katika mayai na nyama. Kwa hiyo mayai yasiliwe wala kuuzwa, na kuku asichinjwe, mpaka siku zilizotajwa kwenye lebo zipite. Mfugaji aandike tarehe aliyotoa dozi ya mwisho, anawe mikono kwa sabuni, na aweke dawa mbali na watoto.

Ndege wakifa kwa wingi na ghafla, wananchi wasiwale wala kuwapeleka sokoni. Watoe taarifa mapema kwa Afisa Mifugo wa Kata, ambaye pia hutoa ushauri kabla dawa haijanunuliwa.