Vioo vya motokari: juu ya nini kimoja kinamwagika na kingine kinabaki?

Ndugu wanafunzi, mwezi uliopita jiwe la mmoja wetu aliyetafuta embe lilipiga kioo cha pembeni cha motokari ya masomo. Chote kikamwagika chini kama mahindi. Juma lile lile jiwe la njiani likapiga kioo cha mbele. Chenyewe kilipasuka mistari tu, kikabaki mahali pake. Usiku mabishano yakawa mengi: wengine walisema kimoja ni cha bandia. Hapana. Kila kimoja kiko na kazi yake.

Cha pembeni kinapashwa moto kupita digri 600, kisha kinapulizwa hewa baridi mara moja. Ngozi ya inje inakauka ya kwanza. Ndani kunapoa nyuma, na kwa kupoa kunavuta ile ya inje. Basi kioo kinaishi kimejikaza. Ndiyo maana kinapita kioo cha nyumba kwa nguvu, na kikivunjika kinaachia mkazo wote pamoja: vipande vidogo vidogo, si visu.

Cha mbele ni vioo viwili, katikati ngozi ya plastiki. Mwanzo wake ni bahati. Mwaka 1903 Édouard Bénédictus, mwanakemia wa Ufaransa, aliona chupa ya maabara imeanguka na kupasuka, lakini vipande vimeshikamana, kwa sababu dawa ya selulozi ilikaukia ndani. Mwaka 1909 akaandikisha uvumbuzi wake.

Zamani kioo hicho kilishikwa na mpira. Siku hizi kinabandikwa kwa gundi kali, na kinasaidia kushika paa motokari ikipinduka. Tena, katika motokari nyingi mfuko wa hewa wa abiria ukifunguka unaegemea hapo. Kikibandikwa vibaya, mfuko unakisukuma inje. Shofere anayesema gundi yoyote inatosha, tusimsikilize.

Sasa kuna hata paa za kioo. Zinapendeza, lakini tupige hesabu: metre moja ya mraba, unene milimetre 5, ni kilo 12,5. Bati la chuma la milimetre 0,8 ni kilo 6 na kidogo. Na uzito huo unakaa juu kabisa! Jua la saa sita silitaji.

Kioo chetu cha pembeni kimekwisha kurudishwa. Cha mbele, bado. Tangu Jumatatu mstari wake umefika mbele ya macho ya shofere, na ni motokari hiyo itatupeleka kwenye mtihani wa Serikali. Sisi wa mwaka wa mwisho tunaomba kibadilishwe mbele ya safari.