Mwami Musinga na Ubatizo Alioukataa

Katika masomo ya historia ya Kanisa, Yuhi V Musinga, Mwami wa Rwanda, hutajwa kama mfalme aliyeikataa Injili. Sisi tunaotumika Ngara na Biharamulo, jirani na nchi aliyoitawala, yatupasa kuipima upya hukumu hiyo.

Alitawazwa mwaka 1896 angali kijana mdogo, baada ya mapinduzi ya Rucunshu yaliyomwangamiza Mwami Rutarindwa. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa mama yake, Kanjogera, na mjomba wake, Kabare. Guangxu wa China naye alitawazwa mwaka 1875 akiwa na miaka mitatu tu, chini ya mama yake mkubwa Cixi. Lakini Guangxu alifungiwa mwaka 1898 kwa kuyataka mageuzi. Musinga aling'olewa kwa kuyapinga.

Wala hakutufungia mlango sisi Walutheri. Mwaka 1907 alimpokea mchungaji Ernst Johanssen wa Misioni ya Betheli, aliyekwisha kutumika Usambara, na vituo vya Zinga na Kirinda vikaanzishwa. Misioni hiyo hiyo ndiyo iliyoanza kazi Bukoba mwaka 1910. Kilichowaondoa Rwanda ni vita, Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916.

Tatizo lilikuwa ubatizo wake mwenyewe. Mwami alikuwa kiini cha ibada za taifa. Kubatizwa kulimaanisha kuuvua ufalme kama alivyoufahamu. Mwaka 1925 Wabelgiji walikomesha sherehe ya malimbuko, ubuganura, wakamhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa watunza siri za ufalme. Tangu hapo, mtu angewezaje kutenganisha maji ya ubatizo na amri ya serikali? Simtetei Musinga; utawala wake ulianza kwa damu. Ila Ungamo la Augsburg, kifungu cha 28, lakataza mamlaka ya Kanisa na ya dola kuchanganywa, na hapa yalichanganywa waziwazi.

Tarehe 12 Novemba 1931 gavana Voisin alimwondoa, kwa kuungwa mkono na Askofu Classe wa Kanisa Katoliki. Siku chache baadaye mwanawe Rudahigwa alitawazwa, na watu wakamiminika kuomba ubatizo kwa wingi usiopata kuonekana. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943. Baba yake, aliyepelekwa kwanza Kamembe na kisha Kongo, alifariki uhamishoni mwaka 1944, hakubatizwa.