Tiba Ihamiapo Nyumbani

Kwa muda mrefu desturi ya utabibu ilikuwa kwamba mgonjwa ndiye aiendeaye tiba, naye akishafika hospitali huukabidhi mwili wake mikononi mwa wenye ujuzi, akapimwa, akaandikiwa, kisha akarudi kwake na karatasi ya dawa. Amma kazi ya kupima na kuamua, katika hiyo hakuwa na fungu. Lakini maradhi yanayozidi kutushughulisha katika zama hizi, kama vile kisukari, shinikizo la damu na kushindwa kwa figo, si ya kuja na kuondoka, bali hukaa na mtu miaka na mikaka, na hakuna hospitali yenye vitanda vya kutosha, wala aila yenye nauli ya kutosha, kumfikisha mgonjwa kwa daktari kila saa ambayo hali yake inabadilika. Kwa hiyo tiba inahamia nyumbani, na vifaa vidogo vya kuitumikia vinazidi kutolewa kila mwaka. Nami nashikilia kwamba vifaa hivyo vitafaa au vitadhuru kwa kadiri waundaji wake walivyoijua nyumba, si kwa kadiri walivyoijua hospitali.

Shahidi bora wa jambo hili ni kipimo cha sukari. Kabla yake mwenye kisukari alipima mkojo, mwanzoni kwa kuuchemsha pamoja na dawa aliyoitangaza Stanley Benedict mwaka 1908, na baadaye kwa vidonge na vikaratasi vinavyogeuka rangi. Walakini mkojo husimulia habari iliyokwisha pita, kwa kuwa aghalabu figo haziachilii sukari mpaka kiasi chake katika damu kipande kufikia takriban milimoli 10 kwa lita, na sukari inaposhuka hata ikahatarisha uhai, mkojo hausemi neno. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1970, kampuni ya Ames ya Marekani ilikuwa imeleta sokoni chombo cha kusoma, kwa nguvu ya mwanga, rangi ya kikaratasi kilichotiwa tone la damu. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo moja au zaidi na bei ya mamia ya dola, nacho kiliuzwa kwa madaktari na mahospitali tu. Richard Bernstein, mhandisi wa New York aliyeishi na kisukari tangu utotoni, alikitamani, na kwa sababu hakuwa daktari hakuuziwa, mpaka mkewe, aliyekuwa daktari, alipokiagiza kwa jina lake mwenyewe. Akawa anajipima mara kadhaa kwa siku, akijifunza kulinganisha chakula chake na insulini yake, na alipoyaandika aliyoyaona, majarida ya kitabibu yakamkatalia. Basi akaingia chuo cha udaktari akiwa amepita umri wa miaka 40, ili neno lake lipate kusikilizwa.

Mwaka 1993 ushahidi ulikamilika. Katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliowahusu wagonjwa 1,441, wale waliojipima mara nne au zaidi kwa siku na kuirekebisha insulini yao kwa mujibu wa vipimo, ambao macho yao yalikuwa bado salama, walipunguza kwa asilimia 76 hatari ya kupatwa na ugonjwa wa macho wa kisukari. Maarifa yaliyozuiliwa mlangoni kwa kuwa mgonjwa si daktari yalithibitika kuwa ndiyo yanayoyalinda macho yake.

Na tuitazame sasa stripu yenyewe, yaani kikaratasi kinachotiwa tone la damu. Ndani yake mna kimeng'enya, ambacho katika aina nyingi hutokana na kuvu, nacho kikikutana na sukari ya damu huivua elektroni, na kifaa huuhesabu umeme huo mdogo na kuugeuza kuwa tarakimu. Kimeng'enya hicho hakivumilii joto wala unyevu. Ndiyo sababu kichupa cha stripu hutiwa dawa ya kunyonya unyevu na kufungwa kwa kifuniko cha kubana, na stripu zilizoachwa wazi mezani msimu wa masika, katika nyumba ya Tanga au Mombasa, haziwezi kuaminiwa. Aliyemenya embe au chungwa kisha akajitoboa kidole pasi na kunawa hupata kipimo cha sukari ya tunda, si ya damu, na kufuta kwa spiriti hakutoshi, sharti maji. Tena mtu mwenye upungufu wa damu, hali isiyo ngeni katika nchi za malaria na selimundu, huonyeshwa sukari zaidi ya aliyo nayo na kila kifaa kisichotengenezwa kulirekebisha jambo hilo, na kwa njia hiyo sukari iliyoshuka hufichika. Kisha kuna suala la hesabu: vipimo vya Marekani husoma kwa miligramu na vyetu kwa milimoli, na milimoli moja kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita, hivyo mgonjwa aliyeletewa zawadi na jamaa wa ughaibuni akiona 70 badala ya 7 hupatwa na hofu, ama, jambo baya zaidi, hujiongezea insulini ilhali sukari yake imekaribia kushuka mno.

Hakuna hata moja katika haya lililo kosa la mgonjwa.

Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho watu wengi walikinunua katika mwaka 2020 na 2021, kina aibu iliyo karibu nasi zaidi. Takuo Aoyagi wa Japani alibuni msingi wake katika miaka ya 1970: mwanga mwekundu na mwanga usioonekana hupenya kidole, na tafauti baina yao huonyesha oksijeni iliyomo damuni. Lakini rangi ya ngozi nayo huumeza mwanga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba, pale kifaa kilipoonyesha kiasi cha kuridhisha, upungufu mkubwa wa oksijeni ulikuwa umefichika katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 tu kwa weupe. Hospitalini kuna kipimo cha damu ya ateri cha kuhakikishia. Nyumbani tarakimu ya kidoleni ndiyo hakimu wa pekee, na kuletewa hakimu huyo bila ya kuulizwa rangi zetu ni dhulma.

Wapo, hata hivyo, walioanza na nyumba. Kanuni ya kimataifa ya vifaa vya umeme vya tiba ya nyumbani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, hudai kifaa kihimili joto la kufikia nyuzi 40, wala kisitegemee waya wa ardhini, maadam katika nyumba nyingi waya huo hauna uhakika. Mfano niupendao zaidi unatoka Kenya, katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliandika joto halisi la nyumba za wakimbizi, lililopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini katika joto hilo hilo maabarani kwa wiki nne, na wakatangaza mwaka 2021 kwamba nguvu yake haikuwa na upungufu wa maana. Kwa hiyo mgonjwa asiye na friji, ambaye hapo awali ilimbidi aende hospitali kila mara ili achomwe sindano, aliweza kufikiriwa kutibiwa nyumbani kwake. Hawakuvumbua mashine yoyote, waliipima nyumba.

Yanayokuja ni makubwa. Vihisi vya kubandikwa mkononi husoma sukari kila baada ya dakika chache, na tangu mwaka 2016 Marekani imeruhusu pampu zinazojirekebishia insulini kwa kufuata vihisi hivyo. Nazifurahia habari hizi kwa dhati, lakini kihisi hudumu kiasi cha wiki mbili tu kisha hununuliwa kingine, gundi yake hupambana na jasho, na kengele yake ya usiku wa manane humwamsha bibi ambaye hajui lugha iliyoandikwa kwenye kioo. Bibi huyo ndiye muuguzi wa zamu, na atakayeunda kifaa pasi na kumshauri hajaikamilisha kazi yake.

Basi nawe unayekusudia kumnunulia mzazi wako kipimo cha sukari, usiulize bei ya kifaa peke yake: uliza bei ya stripu zake, na kama zitapatikana mwakani katika duka la dawa la mtaani kwako, hakikisha kinasoma kwa milimoli, na siku ya kwanza kipeleke kliniki kikalinganishwe na kipimo cha maabara.