Siku za Kuchukua Barua Zikibadilika, Mkazi Afanye Nini?

Mkazi wa Kasigau au Sagalla anayetuma maombi ya kazi huhesabu siku tangu alipotia barua sandukuni. Lakini barua hiyo hungoja hadi siku ya kuchukuliwa, ndipo ipelekwe mjini na kuanza safari. Kwa mfano, ratiba ikipunguzwa kutoka siku tano kwa wiki hadi moja, barua iliyotiwa baada ya gari kupita itakaa humo karibu wiki nzima.

Ratiba hizi hazipangwi na kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka huduma za posta chini ya serikali ya kitaifa, nazo huendeshwa na Shirika la Posta la Kenya. Maswali na malalamishi kuhusu ratiba yapelekwe kwa afisi ya posta iliyo karibu.

Wakazi wanashauriwa kuuliza siku na saa za kuchukua barua kabla ya kutuma. Barua yenye makataa ipelekwe moja kwa moja kwenye kaunta ya posta, itumwe kwa rejista, na risiti itunzwe. Risiti huonyesha tarehe ya kutuma na nambari ya kufuatilia. Hata hivyo, tangazo likitaka maombi yawe yamefika kufikia siku fulani, risiti haitamwokoa aliyechelewa.

Anwani nayo iandikwe kamili, pamoja na msimbo wa posta: Voi 80300, Taveta 80302, Wundanyi 80304 na Mwatate 80305.