Kostiki soda iliyoota ukoko bado inaunguza

Nyumba nyingi zinazotengeneza sabuni ya mche hubaki na kostiki soda kidogo: nusu kilo kwenye mfuko uliopigwa fundo, au maji yake kwenye chupa pembeni mwa jiko. Baada ya wiki kadhaa huota ukoko mweupe, na mwenye nyumba husema, "Hii imeshakufa." Haijafa.

Kostiki, kitaalamu sodiamu haidroksaidi, hunyonya unyevu na hewa ukaa, hewa ileile tunayoitoa puani. Zikikutana hupatikana maji na sodiamu kabonati, ndugu wa magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya. Hewa ukaa ikizidi kuingia, kabonati nayo hugeuka baikabonati, ile tunayotia kwenye maandazi. Hapo ndipo mtu anapojidanganya: kama inakuwa magadi, hatari iko wapi?

Iko kwenye mwendo wake. Kilo moja ya kostiki inahitaji gramu 550 za hewa ukaa ili yote igeuke kabonati. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04 tu ya hewa ukaa, kwa hiyo zinahitajika zaidi ya mita za ujazo 700 za hewa, sawa na vyumba 20 hivi vya kulala, na yote ipite kwenye mdomo wa chupa. Chupa ikiwa na kizibo, kazi hiyo karibu isimame. Ukoko unaouona ni wa juu tu. Chini kostiki ina ukali wake. Tena kabonati yenyewe huwasha macho na ngozi.

Watengeneza sabuni nao huumia mfukoni. Kostiki iliyopungua nguvu huacha mafuta bila kugeuka sabuni, mche ukawa laini. Wengine huongeza kwa kukisia, wakapata sabuni inayochubua mikono. Mimi ningenunua ya kutosha kazi moja tu.

Lakini mzazi, hofu kubwa ni chupa ile. Maji ya kostiki hayana rangi wala harufu, na mtoto wa miaka miwili akiyakuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, atayanywa. Huunguza mdomo na umio mara moja, na kidonda kikipona kinaweza kuacha kovu linalobana njia ya chakula kwa miaka.

Ikitokea, usimtapishe, kwa sababu kostiki itaunguza tena ikirudi juu. Usimpe ndimu wala siki. Msuuze mdomo kwa maji ayateme, mvue nguo zilizolowa, na kama imemgusa ngozi au macho, mmwagilie maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, nusu saa hivi. Mkimbize hospitali hata kama mdomoni huoni kidonda, kwani umio unaweza kuwa umeungua peke yake. Beba na chupa yenyewe, daktari aione.