Njaa ya bakteria na dozi ya miezi sita

Peramiho, nchini Tanzania, kuna kiwanda cha uchapaji cha watawa Wabenediktini, waliofungua misheni hapa mwaka 1898. Mchapaji mzoefu hawashi mtambo kabla ya kukagua karatasi stoo, maana kitabu kilichoishia katikati ni hasara tupu. Bakteria naye hufanya hivyo anapotaka kunakili DNA yake.

Mchukue E. coli, mkazi wa utumbo wetu. DNA yake ina herufi kama milioni 4.6, na kuzinakili zote huchukua dakika 40 hivi. Hata hivyo, akishiba hugawanyika kila dakika 20! Huweza kwa kuanza nakala mpya kabla ile ya kwanza haijakamilika.

Chakula kikipungua, mambo hubadilika. Ribosomu zinazounda protini zikikosa asidi amino, kimeng'enya RelA hutengeneza molekuli ndogo iitwayo ppGpp, ambayo Michael Cashel na Jonathan Gallant waliitambua mwaka 1969. Hiyo ndiyo mbiu ya njaa. Ikilia, E. coli haanzi nakala mpya, ila aliyokwisha kuianza huimaliza. Bacillus subtilis, anayeishi udongoni, ni mkali zaidi. Mwaka 2007 Jue Wang, Glenn Sanders na Alan Grossman walionyesha kwamba kwake ppGpp hukibana kimeng'enya kinachoanzisha kila kipande kipya cha DNA, hivyo kazi husimama palepale ilipofika. Uzi haukatiki; njaa ikipita, kazi huendelea.

Habari hii inamgusa mgonjwa wa kifua kikuu (TB) anayetibiwa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu hapa Peramiho. Bakteria wa TB, hata akishiba, huhitaji saa 20 hivi kugawanyika mara moja. Kinga ya mwili ikimzingira mapafuni, chakula na oksijeni vikawa haba, naye hutengeneza ppGpp na karibu aache kabisa kugawanyika. Dawa nyingi humuua bakteria anayekua. Aliyetulia huzivumilia.

Zamani tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki yalionyesha kwamba dawa za rifampisini na pirazinamidi huwafikia hata hao waliotulia, na tiba ikaweza kuwa ya miezi sita. Mpango wa taifa wa TB na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na daktari Karel Styblo, uliifanya Tanzania kuwa mfano ambao nchi nyingine zilijifunzia namna ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa.

Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, uzito hurudi, mtu anataka kushika jembe. Bakteria waliokufa kufikia hapo wengi ni wale waliokuwa wakigawanyika. Waliotulia bado wamo kifuani, wanangoja. Kama nyumbani kwako kuna anayetumia dawa za TB, tafadhali usimwache aishie njiani. Mhesabie vidonge mpaka cha mwisho.