Kiangulio cha vifaranga: Chipu ipi itamudiwa na fundi wa Kehancha?

YAI la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, na katika muda huo halisamehe uzembe. Joto lapaswa kukaa karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi, yai ligeuzwe mara kadhaa kwa siku, kisha katika siku tatu za mwisho kugeuza kukome na unyevu uongezwe. Kuku anayeatamia hufanya hayo bila kufundishwa. Mashine ya kuangulia vifaranga huyafanya kwa amri ya kipande kidogo kiitwacho mikrokontrola, ambacho mwenye mashine aghalabu hajawahi kukiona.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja: ina prosesa, kumbukumbu, na njia za kupokea habari kutoka kwa kihisi cha joto na kutoa amri kwa swichi ya kikanza. Ndiyo iliyomo katika mita za umeme za tokeni na katika masanduku ya sola ya kulipia kidogo kidogo, ambayo kampuni ya M-KOPA ilianza kuyauza nchini Kenya mwaka 2012.

Kwa mfugaji wa Kehancha, Kaunti ya Migori, suala la chipu iliyo ndani ya mashine huenda likaonekana kuwa la wahandisi pekee. Sivyo. Mji huo uko karibu na mpaka wa Tanzania, mbali na maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Chipu ikifa siku ya 17, mayai yaweza kuvumilia kupoa kwa saa chache, wala si kwa siku mbili za kungoja kifurushi. Kwa hivyo, anayenunua kiangulio, au anayemwagiza fundi amtengenezee, anafaa kuanza na swali ambalo wauzaji huliacha mwisho: kikiharibika, nani atakirekebisha, na kwa vifaa gani?

Mafundi wengi wanaojiundia mashine hizi huchagua baina ya chipu mbili. Ya kwanza ni ATmega328P, iliyo katika bodi ya Arduino Uno iliyotolewa mwaka 2010. Ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32 tu na huenda kwa kasi ya megahezi 16. Ya pili ni ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotolewa mwaka 2016, yenye kasi ifikayo megahezi 240 na uwezo wa kuunganishwa na intaneti bila waya.

Mnunuzi huvutiwa na hiyo ya pili, na si ajabu. Hata hivyo, kupima joto na kuwasha kikanza si kazi ya kuhitaji kasi hiyo. Isitoshe, ESP32 inapotuma mawimbi hudai umeme mwingi kwa ghafla, na ikiwa imefungiwa kifaa duni cha kuipa umeme, hujizima na kuanza upya. Anayetaka kuarifiwa kwa simu akiwa shambani ana sababu ya kuichagua. Asiyehitaji hilo ananunua matatizo. Bodi ya Uno ina faida nyingine ndogo isiyosifiwa vya kutosha: katika toleo moja lake, chipu imekaa ndani ya soketi, hivyo huchomolewa kwa bisibisi na nyingine ikapachikwa. Yapo matoleo ambayo chipu imeunganishwa kwa lehemu moja kwa moja; hayo hayafai kwa mtu aliye mbali na karakana.

Umeme ukikatika ndipo ubora wa programu hujulikana. Mashine iliyotengenezwa ovyo husahau ni siku ya ngapi, na umeme ukirudi huanza kuhesabu upya. Siku ya 19 itaendelea kugeuza mayai ambayo vifaranga wake wamekwisha kujipanga kutoka. Dawa yake ipo: ATmega328P ina sehemu ya kumbukumbu isiyofutika umeme unapopotea, na mtengenezaji ameikadiria kuandikwa mara 100,000. Programu inayoandika humo kila sekunde itafikisha idadi hiyo kwa saa 28 hivi. Inayoandika mara moja kwa saa haitaifikisha katika miaka kumi. Chipu ni ile ile, tofauti ni aliyeiandikia programu.

Kuna pia saa ya ulinzi ndani ya chipu, ambayo huianzisha upya programu ikikwama. Fundi aulizwe kama ameiwasha. Programu ikikwama kikanza kikiwa kimewaka, mayai hupikika.

Kihisi nacho kisipuuzwe. Kile cha DS18B20 kikiwa halisi kimeahidiwa kutokosea zaidi ya nusu nyuzi, lakini bidhaa bandia zake zimeenea duniani kote. Njia rahisi ya kukijaribu ni kukitia katika maji vuguvugu pamoja na kipimajoto cha hospitali, na kulinganisha.

Kuhusu msaada baada ya kununua, hati ya dhamana si jambo kubwa kuliko programu yenyewe. Chipu hizi zinaweza kufungwa ili yaliyomo yasisomwe. Fundi mwingine akiifungua, hufuta kila kitu. Mnunuzi basi adai maandishi ya programu katika faili, pamoja na mchoro wa nyaya, kabla ya kulipa salio. Muuzaji akitoweka, fundi yeyote wa Isebania au Migori mjini anayejua Arduino ataweza kuendelea.

Uhaba wa chipu ulioikumba dunia kuanzia mwaka 2020 uliwafunza hata watengenezaji wakubwa kutotegemea bidhaa moja. Baadhi ya oda zilisubiri mwaka mzima na zaidi. Kwa mfugaji, akiba yake ni ndogo mno: chipu ya pili iliyokwisha kupakiwa programu, ikajaribiwa ndani ya mashine kabla ya mayai kuingizwa, na kuwekwa kabatini. Bei yake ni kama ya trei mbili tatu za mayai.